Kaka, Mwache Mwalimu Abaki Mvumi

Kaka,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu kule kwenye grupu la ukoo mtu ukiandika maneno mawili ya maana, kufika asubuhi yameshafukiwa na picha za maua na "Jumapili njema". Halafu najua hauko peke yako. Watoto wengi wa walimu wastaafu mlioko Dar mna wazo hilo hilo: mzee amechoka, aletwe mjini, apewe chumba chenye feni, apumzike.

Habari kwamba Baba Mdogo, yaani baba yako Mwalimu, unataka ahame hapa kijijini Mvumi, Dodoma, aje kwako nilizipata kwa Mama Mdogo. Alinieleza huku akipepeta uwele, bila kuniangalia usoni, nikajua hapo pana jambo.

Usikasirike nikisema kwamba baba unayemjua wewe ni wa likizo. Ulienda bweni, ukaenda chuo, ukapata kazi, na kila uliporudi ulimkuta ameketi barazani anakusubiri. Sisi tuliobaki ndio tunaojua kwamba mtu huyu hakai. Anaamka alfajiri, anasali na Mama Mdogo, anakwenda kuuangalia mtama, na ikifika saa mbili wajukuu ambao hawajaanza shule wameshapangwa kwenye mkeka wanasoma a, e, i, o, u. Alistaafu 2018, mwaka ule mifuko ya pensheni ilipounganishwa. Kazi hakuacha.

Na ukumbuke alikotoka. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi. Ilipofika 1977 madarasa yalijaa, walimu hawatoshi, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishe huku wenyewe wakifundishwa ualimu vijijini. Hao ndio walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wametaniwa mpaka leo. Sibishani na wanaosema elimu ilishuka kwa sababu yao. Ninachojua ni kwamba kijana mmoja wa darasa la saba, mwenye kitabu kimoja cha nota alichoazimwa kanisani, alifundisha watoto wa kijiji kuimba wimbo wa taifa kwa sauti nne, na wazee wakasimama nje ya uzio wa shule kusikiliza.

Wimbo huo bado anao moyoni. Kila mwanakwaya mpya lazima asikie kwamba tuni ya "Mungu Ibariki Afrika" ilitungwa 1897 na Enoch Sontonga kule Afrika Kusini. "Na alikuwa nani huyo Sontonga?" anauliza, kisha hangoji jibu. "Mwalimu wa shule! Mwalimu wa kwaya!" Halafu anaanza kugombeza besi kwa kuchelewa, maana besi wetu huchelewa siku zote.

Sasa njoo kwenye kwaya, ambako ndiko ninakotaka ufike. Mazoezi yakiwepo, anafika kanisani kabla ya wote. Anafuta ubao, anaandika wimbo mzima kwa nota: d kwa do, m kwa mi, nukta mbili hapa, kistari pale, sauti nne zimepangwa juu kwa chini. Hakuna ruhusa ya kugusa maneno kabla ya nota. Anaanza na soprano, anahamia alto, anarudi kwa tenori. Tenori wetu wawili wakali ni vijana wa bodaboda. Simu ya abiria ikiita katikati ya ubeti, wimbo unabaki na pengo mpaka warudi. Mwalimu anawasubiri. Kwa watoto wake mwenyewe hakuwa na subira hiyo, wewe unajua.

Lakini kuna jambo hulijui, na ndilo lililonifanya nikae niandike. Miaka hii ya karibuni anaandika nyimbo za bibi zetu. Anamkalisha bibi mmoja mmoja, anamwomba aimbe zile za muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, alizoimba akiwa msichana, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, naye anaandika. Mwanzoni alikuwa anakasirika. Anamsikiliza bibi, anatafuta sauti kwenye kinanda, haipo. Alidhani bibi anakosea. Siku moja akachukua zeze la marehemu babu, akagusa uzi kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, akausugua kwa upinde. Uzi ukatoa sauti moja ya juu. Akasogeza kidole, ikatoka nyingine. Akaniita jikoni kwa kelele nikadhani amegongwa na nyoka.

Alichogundua, nami alinieleza mpaka nikaelewa, ni kwamba uimbaji wetu sisi Wagogo unafuata sauti zile zilizomo ndani ya uzi wenyewe. Do, mi na so zipo, ila mi yake imeshuka kidogo kuliko ya kinanda. Na ile sauti iliyo juu ya so, ambayo kwenye nota tungeiandika ta, kwa Wagogo iko chini zaidi ya ta ya kinanda. Haiko kwenye kibonyezo chochote, iko katikati ya viwili. Kwa hiyo sasa daftari lake lina alama zake mwenyewe: juu ya kila ta amechora kimshale kinachoangalia chini. Kurasa kwa kurasa za vimishale, kwa kalamu nyekundu ile ile aliyokuwa akisahihishia hesabu zetu.

Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki 2003, alipeleka zeze na ilimba, ile ala ya vibati inayopigwa kwa vidole gumba, mpaka majukwaa ya Ulaya akapigiwa makofi. Lakini babu yetu, mzee wa kanisa, zeze lake alilipiga nyumbani tu, mlango umefungwa. Mwanawe sasa anataka sauti zile ziingie kwenye wimbo wa Mavuno, ziimbwe mbele ya mchungaji. Ameshatunga beti za mwanzo. Baadhi ya wazee wa kanisa wananuna. Mchungaji anasema tusikie kwanza. Kaka, huyu ndiye mtu unayetaka akapumzike?

Tena ulishamchukua mara moja. Hakukusimulia, alinisimulia mimi. Aliangalia taarifa ya habari mpaka akajua majina ya watangazaji wote. Kanisa la jirani na kwako lina spika kubwa, vijana wanaimba vizuri, hana tatizo nao, ila hakuna aliyemuuliza yeye anaimba sauti gani. Mchana wote mko kazini, watoto shuleni, geti limefungwa. Mama Mdogo alikuwa akimpigia anamwambia mvua imeanza kunyesha, na yeye yuko kwenye sofa.

Hofu yako naielewa. Presha anayo, magoti yanamsumbua, na usiku ule alipopata kizunguzungu hata mimi niliogopa. Lakini hospitali ya Mvumi ipo hapa hapa, kadi yake ya bima inafanya kazi, vidonge anameza kwa sababu Mama Mdogo anamsimamia kama mtihani wa taifa. Nami napita kila jioni. Mvua huku ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba, na huyo mzee akiukosa msimu mmoja wa kulima ndipo utamwona mgonjwa.

Kuhusu kile kinanda unachokilalamikia: ndiyo, alikinunua kwa fedha ya mkupuo ya kustaafu, na ndiyo, Mama Mdogo alinuna kwa sababu bati la jikoni lilikuwa linavuja. Bati nalo limeshabadilishwa. Mambo hayo waachie wao wawili.

Kama hela uliyotenga kumwandalia chumba bado ipo, nunua kinasa sauti kizuri, maana simu yake inakwaruza na bibi waliobaki ni wachache, na wengine ni wa kulala tu sasa. Ongeza madaftari makubwa na kalamu nyekundu. Halafu uje mwenyewe. Tangu treni ya SGR ianze 2024 Dodoma si safari ya kulala njiani tena. Panda asubuhi, mimi nitatuma mtu akupokee stesheni, mchana utakula mlenda hapa.

Njoo siku ya mazoezi. Besi tumepungukiwa, na Mwalimu anasema sauti yako ilikuwa nzuri kabla hujaanza kuongea kama mtu wa benki. Wanaanza saa kumi kamili. Akishatoa do, hasubiri mtu.

Mdogo wako