Wagonjwa wa kisukari ambao misuli inawashtuka wapewe majibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niulize swali kwa niaba yangu na ya wenzangu tunaohudhuria kliniki ya kisukari hapa Tanga, swali ambalo kila tunapolifikisha kwenye dirisha la huduma hujibiwa kwa mkato kwamba "sukari hiyo", kisha anaitwa mgonjwa mwingine. Linahusu maumivu ya miguu na, zaidi ya hayo, misuli kushtuka yenyewe bila mtu kutaka, mchana na usiku.

Maumivu angalau yana maelezo. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni, ndiyo hutangulia kuumia. Ndiyo sababu ganzi na hali ya kuwaka moto huanzia kwenye nyayo, hupanda taratibu, na mara nyingi mikono huja kuguswa baadaye. Takriban nusu ya wenye kisukari hupatwa na tatizo hili wakati fulani wa maisha yao. Usiku ndipo linapozidi, hata shuka likigusa tu kidole gumba nahisi kama nimekanyaga kaa la moto.

Kushtuka kwa misuli ndiko kusikoelezwa. Nikiwa nimekaa barazani Makorora, mkono ulioshika kikombe huruka mara moja, chai ikanimwagikia kwenye kanga, kisha mkono ukatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya muda huruka paja, au bega. Sipotezi fahamu, wala si ule mkazo unaobana shavu la mguu na kumwamsha mtu usingizini. Wapo majirani walionishauri nikazinguliwe, na siwalaumu, kwa kuwa mtu asiyepewa maelezo hospitalini atayatafuta kokote anakodhani yanapatikana.

Nimejitahidi kusoma na kuwauliza wanaojua, na nimegundua kwamba matabibu wanazifahamu sababu kadhaa, na nyingi kati ya hizo zinapimika. Lililonigusa zaidi ni la dawa na figo. Wengi wetu tunapewa gabapentini au pregabalini kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Dawa hizi mwili hauzivunji, bali hutolewa na figo karibu zote kama zilivyomezwa. Sasa kisukari chenyewe ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kwa kuharibu figo, tena kimyakimya, kwa hiyo mgonjwa anayeendelea na dozi ileile wakati figo zake zimepungua nguvu hulimbikiza dawa mwilini, na miongoni mwa dalili za mlimbikizo huo ni usingizi mzito, kuyumba, na misuli kushtuka. Yaani kidonge alichopewa mtu kimpunguzie maumivu huenda ndicho kinachomrusha mkono, na pengine kinachohitajika ni daktari kupunguza dozi tu. (Naomba asitokee msomaji wa kuacha dawa hizi ghafla kwa sababu ya barua hii, maana kuziacha ghafla nako kuna madhara yake.) Hata bila dawa hizo, figo zilizochoka sana huacha taka za mwili zikajaa kwenye damu na kuleta mishtuko hiyohiyo. Kipimo cha kreatinini kinachoonyesha hali ya figo ni cha damu na ni cha kawaida. Kwa nini basi mgonjwa aandikiwe dawa ya mishipa ya fahamu kwa miaka bila kipimo hicho kurudiwa?

Lipo pia suala la metformini, dawa ambayo karibu kila mwenye kisukari cha aina ya pili ameimeza. Ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi na moto wa miguu usiotofautiana kirahisi na ule wa sukari. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwashauri madaktari wawapime B12 wagonjwa wa metformini wenye dalili za upungufu. Mimi nilipokiulizia kipimo hicho niliambiwa nikakitafute maabara ya binafsi. Upungufu wa B12 unatibika kwa sindano au vidonge, lakini ukicheleweshwa mishipa inaweza kubaki na ulemavu, ilhali mgonjwa anaendelea kugombezwa kwamba hafuati masharti ya chakula.

Wanaotumia dawa za kushusha sukari kama glibenklamidi au insulini nao sukari yao inaweza kushuka mno usiku wakatetemeka, wakatoka jasho na kurukaruka, hasa wenye figo dhaifu na wale wanaofunga Ramadhani bila kurekebishiwa dozi. Kipimo cha asubuhi kliniki hakiwezi kuonyesha sukari ilikuwa ngapi saa nane za usiku. Kinachohitajika ni kupima wakati uleule wa mshtuko, jambo lisilowezekana kwa asiye na mashine nyumbani wala fedha za kununulia vijiti vyake. Kwa upande wa pili, sukari iliyopanda kupita kiasi inaweza kusababisha uso, mkono au mguu wa upande mmoja kurukaruka mfululizo, na huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Tarehe 14 Novemba kila mwaka, Siku ya Kisukari Duniani, watu hupimwa sukari na presha, na ni jambo jema. Ningependa siku hiyo tuvuliwe na viatu. Uzi wa plastiki unaopinda kwa mkandamizo wa gramu 10 unatosha kumjulisha muuguzi kama unyayo umepoteza hisia, na hauhitaji umeme wala maabara. Vilevile, kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nawaomba wanaosimamia utekelezaji wake wahakikishe vipimo vya figo na vya B12 haviachwi nje ya huduma za mwenye kisukari, na viongozi wa afya wa mkoa wetu waagize majibu ya figo yaandikwe kwenye daftari la kliniki kando ya orodha ya dawa, ili kila atakayempokea mgonjwa ayaone kabla ya kuandika dozi.

Mimi figo zangu zimepimwa zikakutwa salama, B12 yangu haina kasoro, sukari yangu haijakutwa imeshuka wakati wa mishtuko, na bado mkono unaruka. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache nchini, na kutoka hapa hadi Muhimbili ni safari ya siku nzima kwa mtu ambaye miguu inamuuma. Ndiyo maana namwomba mmoja wao, kupitia kwako Mhariri, atujibu katika kurasa hizi: mgonjwa wa namna hii apimwe nini kingine, na kwa dalili zipi asisubiri tena tarehe ya kliniki?

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga