Shule iliomba mfereji, sisi tukataka geti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimshukuru mwalimu wangu, na niwaseme kidogo wenzangu niliosoma nao. Na mimi nimo.

Nilisoma sekondari moja wilayani Newala, 1994 hadi 1997. Anayeijua Newala anajua shida ya maji ya uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini kabisa, na maji nayo yako huko huko chini. Bomba likikauka, na lilikauka sana, tuliteremka na ndoo saa kumi alfajiri. Kazi ilikuwa kupanda. Unafika shuleni ndoo ni nusu, shati limelowa, na kipindi cha hesabu kimeshaanza.

Mwalimu wa hesabu hakuwahi kumchapa aliyecheleweshwa na maji. Nilipokuwa kidato cha tatu, korosho za mzee wangu zilichukuliwa kwa mkopo na hela ikapotelea huko. Ada ikakwama. Wenzangu wenye deni walirudishwa nyumbani, mimi mwalimu akanipa kazi ya kupaka ubao wa kila darasa. Tulitwanga makaa ya betri kuukuu pamoja na majani mabichi, tukapaka. "Ukiulizwa, sema uko kazini," aliniambia. Nilipaka mwezi mzima, hadi mbao ambazo hazikuwa na shida yoyote. Jioni alinifundisha nilichokosa mchana. Sasa amestaafu. Nilipokwenda kumwamkia, swali lake la kwanza lilikuwa kama ule ubao wa kidato cha pili niliumaliza.

Mwaka jana tuliomaliza pamoja tulichangishana tuikumbuke shule. Tukakubaliana geti, tena la chuma, mwaka wetu uandikwe juu. Mkuu wa shule akatusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Wanangu, geti ni zuri. Lakini hapa hatuibiwi. Maji ndiyo yanayowatoa watoto nje."

Akaomba mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa. Tulinuna, nisifiche. Mfereji wa bati nani atapiga nao picha? Lakini hesabu niliyofundishwa pale pale ilinisuta: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita za mraba 160, mvua ya milimita 30 ikinyesha, linatiririsha lita 4,800. Hata ukitoa yanayomwagika, tenki la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja. Miaka yote hiyo yalikuwa yanachimba makorongo uwanjani.

Tukafunga mifereji na tenki. Kilichotusumbua ni majani ya mikorosho kuziba njia, ndiyo maana sasa kuna zamu ya kuyatoa, na maji ya mvua ya kwanza yanaachwa yapite na vumbi lake.

Wapo wanaosema ada ya sekondari ilifutwa 2016, serikali imalizie. Ada ilifutwa kweli, ila paa la bweni la wasichana halina mfereji hata upande mmoja. Hela za minada ya korosho zikianza kuingia, mvua za Desemba zinakuwa mlangoni. Mliosoma pale, mkuu wa shule yupo ofisini. Mpigieni kwanza, kabla hamjaagiza chuma.

Mwanafunzi wa zamani,
Mtwara Mjini