Barua kwa binti yangu: ndugu yako asiposikia

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ulivyolia kwenye simu nilikosa la kukujibu, nawe wanijua, kukosa la kusema si kawaida yangu. Basi naandika.

Umemwonya ndugu yako aache kubeti mpaka sauti imekukauka. Kila alfajiri unatuma mstari wa Biblia kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, naye sasa ametoka. Unaniuliza Mungu wa amani yuko wapi.

Kwanza, mistari hiyo iache. Anajua inamlenga nani, na sisi sote tunajua. Neno la Mungu likigeuzwa fimbo ya kumchapia mtu mbele ya shangazi zake, atakimbia fimbo na Neno pamoja.

Soma Yohana 7. Ndugu zake Yesu wanamsukuma aende Uyahudi kwenye sikukuu akajionyeshe, na Yohana anasema wazi kwamba hata wao hawakumwamini. Marko 3 ni chungu zaidi: jamaa zake walitoka kwenda kumkamata, wakisema amerukwa na akili. (Wakatoliki husema hao ndugu walikuwa binamu. Hata wawe binamu, uchungu ni uleule.) Sasa tazama alichofanya. Hakuwafuata akiwabembeleza, wala hakuwalaani. Watu wa kwao walipomkataa alistaajabia kutoamini kwao, kisha akazunguka vijijini akifundisha. Alikuwa na kazi yake, akaifanya. Na wale ndugu? Matendo 1:14 inawakuta wakisali pamoja na Mariamu na mitume. Hawakushindwa kwa mabishano. Paulo anaandika kwamba Yesu aliyefufuka alimtokea Yakobo, mmoja wa ndugu hao. Kumgeuza ndugu yako haikuwa kazi yako tangu mwanzo.

Lakini anataka umdhamini mkopo kwenye sacco yako. Usitie sahihi. Warumi 12:18 inatutaka tukae kwa amani na watu wote, kama yamkini, kwa upande wetu. Haijatuagiza tuweke akiba rehani ili mtu asitununie. Mwambie hapana mara moja, bila mahubiri, kisha umwulize mtoto wake anaendeleaje shuleni.

Wewe nawe tafuta pa kupumulia. Ukitoka kazini, kabla ya kuparamia matatu ya Rongai, pita kanisani All Saints ukae kidogo. Siku ya mapumziko nenda Resurrection Garden, ile bustani ya sala kule Karen. Ni ya Wakatoliki, ila hakuna atakayekudai cheti cha ubatizo. Beba Zaburi ya 131, ina mistari 3 tu. Mwenye zaburi anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa ziwa, yuko kifuani mwa mama yake. Nimewaachisha ninyi nyote, najua. Mtoto huyo hajapewa alichokuwa akililia. Amesumbua usiku kucha, kisha siku moja anakaa palepale kifuani, ametulia, hadai kitu. Hiyo ndiyo amani ninayokuombea. Ile nyingine, ya ndugu yako kuacha kubeti kesho, siwezi kukuahidi.

Naye namwombea. Jina lake nalitaja kwenye maombi ya Mothers' Union. Kosa lake silitaji, Mungu analijua na majirani haliwahusu.

Jumapili baada ya ibada njoo tule. Nimemwita pia. Usimvute pembeni mzungumze. Akirudia habari ya mkopo mezani, nitamjibu mimi.

Mama yako