Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ligi: Tupeni Kumbukumbu za Usajili wa Championship

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUCHAPISHWA KUMBUKUMBU ZA USAJILI WA LIGI YA CHAMPIONSHIP

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni shabiki wa timu ya mkoani inayocheza Championship, ligi ya Tanzania iliyo ngazi moja chini ya Ligi Kuu. Tangu enzi ligi hii ikiitwa Daraja la Kwanza, kabla haijabadilishwa jina mwaka 2021, nimekuwa nikiingia uwanjani na daftari kubwa na kalamu mbili, moja ikiwa ya akiba, nikiandika nani kaanza, nani katoka na dakika ya ngapi. Hakuna aliyenituma; nilichoka tu kubishana bila ushahidi. Kila msimu unapoisha, kijiwe chetu cha pale stendi hufungua mjadala wa usajili bora na garasa la mwaka, yaani usajili uliofeli kuliko wote, na anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Daftari langu hunisaidia kuwanyamazisha kwa timu yetu peke yake, tena kwa zile mechi 15 za nyumbani. Ligi ina timu 16 na mechi 240 kwa msimu, na hakuna shabiki mwenye nauli ya kuzifuata zote.

Hebu tazama ilivyo rahisi kuhukumu Championship ya Uingereza, ambayo vijana wetu wanaijua kuliko hii ya kwetu. Teemu Pukki alitua Norwich City mwaka 2018 akiwa mchezaji huru, akafunga mabao 29 ya ligi, na timu ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2018/19. Miaka miwili kabla ya hapo, Aston Villa ilitoa takriban pauni milioni 12 kumchukua Ross McCormack kutoka Fulham, naye akaifungia mabao 3 katika mechi 20 za ligi. Kinachokumbukwa zaidi ni siku aliyokosa mazoezi kwa maelezo kwamba geti la nyumbani kwake limegoma kufunguka, hadi kocha Steve Bruce akaamua kulizungumza hadharani. Kuhusu hawa wawili kijiwe chetu hakibishani hata kidogo, kwa sababu inajulikana waliletwa kwa gharama gani, walicheza kiasi gani na timu iliishia wapi.

Sasa niruhusu nikusimulie wachezaji wawili wa kwetu, ambao sitawataja majina wala klabu yao. Katika dirisha dogo la msimu mmoja, yaani usajili wa katikati ya msimu, mshambuliaji alitambulishwa kwa mbwembwe, akapigwa picha ameshika jezi namba 9 ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya mfuko wa dukani, na tukaambiwa kwamba huko alikotoka ameacha mabao 14. Mabao hayo yalikuwa ya ligi gani, ya msimu upi, hakuna aliyeuliza. Daftari langu linaonyesha mechi nne za nyumbani, zote akitokea benchi, jumla ya dakika 71 na bao sifuri. Mwanzoni mwa msimu huohuo, beki wa kushoto alikuwa ameokotwa kwenye ndondo, zile mechi za mtaani, kwa ahadi ya nauli na jozi ya viatu. Huyo hakutambulishwa popote. Jina lake kamili nililipata kwa kumuuliza mtunza vifaa wakati akianika jezi kwenye uzio. Alicheza mechi 14 kati ya zile 15, hakutolewa hata mara moja, na mechi aliyoikosa alikuwa akitumikia adhabu ya kadi tatu za njano. Msimu ulipoisha alichukuliwa na timu ya Ligi Kuu, na klabu yetu haikuambulia hata shilingi moja, kwa kuwa karatasi aliyosaini ilikuwa imekwisha muda wake miezi mitatu nyuma bila kiongozi yeyote kukumbuka. Nikiulizwa usajili bora wa msimu ule, jibu langu ni huyo beki. Nikiulizwa usajili uliosimamiwa vibaya kuliko wote, jibu ni huyohuyo.

Hata wachezaji wenye majina makubwa huishia kwenye ubishi wa namna hiyo. Amissi Tambwe aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu akiwa Simba msimu wa 2013/14 kwa mabao 19, na akiwa Yanga msimu wa 2015/16 kwa mabao 21. Takwimu hizo hata mwuza kahawa wa pale kwetu anazo kichwani. Baadaye Tambwe alishuka Championship kuichezea DTB, klabu iliyopanda daraja msimu wa 2021/22 na kuitwa Singida Big Stars. Je, ule ulikuwa usajili bora, au timu ingepanda hata bila yeye? Kijiweni hakuna anayejibu kwa dakika alizocheza wala kwa pointi zilizotokana na mabao yake, na kila mtu hukimbilia kumsifu kwa yale aliyoyafanya miaka mingi nyuma Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga.

Kosa jingine letu mashabiki ni kuhukumu kwa tukio moja. Klabu ya KenGold walikuwa mabingwa wa Championship msimu wa 2023/24, wakapanda Ligi Kuu, mambo yakawawia magumu, na katika dirisha dogo la Januari 2025 wakaongeza majina makubwa kama Bernard Morrison, Kelvin Yondani na Obrey Chirwa. Kijana Seleman Bwenzi, aliyeingia katika dirisha hilohilo, aliwafunga Yanga kwa shuti la kutoka katikati ya uwanja, katika mechi ambayo KenGold walipoteza kwa mabao 6-1. Usiku ule nchi nzima ilimpigia kura Bwenzi kuwa usajili bora, na timu ikashuka daraja mwisho wa msimu. Simbezi bao lile, nililishangilia hadi nikamwaga chai. Ila kwa maoni yangu, usajili wa dirisha kubwa, lile la kabla ya msimu kuanza, usipewe alama kabla ya mechi ya 15, na ule wa dirisha dogo usubiri hadi mechi ya mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, jambo hili lina fedha ndani yake. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anaponunuliwa kwenda nchi nyingine mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu alizozichezea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa Januari 2020, ada iliyoripotiwa ilikuwa takriban pauni milioni 8.5, na ndani ya miaka yake ya malezi zimo African Lyon na Simba. Tangu mwishoni mwa 2022, katika kugawa fedha hizo FIFA hutumia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizopitia, inayojengwa kutokana na usajili ulioingizwa na mashirikisho ya nchi. Beki wetu wa ndondo akifika Ubelgiji kesho, miezi yake tisa hapa kwetu itahesabiwa endapo tu iliandikwa mahali panapotambulika.

Kwa hiyo ninaomba kwamba, kwa kushirikiana na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), kila dirisha linapofungwa Bodi ichapishe orodha ya wachezaji wote walioingia na kutoka katika klabu 16, ikionyesha umri, klabu alikotoka, muda wa mkataba na aina ya uhamisho: huru, mkopo, kununuliwa au kupandishwa kutoka timu ya vijana. Mishahara ibaki siri ya klabu na mchezaji, siitaki. Ninaomba pia dakika za kila mchezaji ziwekwe wazi baada ya kila raundi, kwani waamuzi na makamisaa, yaani wasimamizi wa mechi, huandika mabadiliko yote kwenye ripoti zao za mchezo, na kazi iliyobaki ni kuyahamishia kwenye jedwali ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua kwenye simu.

Najua baadhi ya viongozi wa klabu watapinga, wakidai kwamba kuanika mikataba ni kuwaonyesha wapinzani njia ya kuwachukulia wachezaji. Hofu hiyo ninaielewa, ila huyu beki wetu alichukuliwa bila orodha yoyote kuchapishwa. Aliyemtaka alikuja na gari, akala naye chipsi, akaondoka naye.

Niko tayari kuleta madaftari yangu manne ofisini kwako wakati wowote, ili maofisa wako wayalinganishe na ripoti za makamisaa. Katika daftari la pili kuna kurasa chache zilizolowa mvua, lakini zinasomeka.

Wako katika soka,
Shabiki wa jukwaa la jua

Nakala: Katibu Mkuu, TFF