Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: urani ya Namtumbo isiuzwe kangomba

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Namtumbo, kwenye tumbaku, mahindi, ufuta na, siku hizi, wageni wenye kofia ngumu. Mimi ni mkulima, mtoto wa mkulima. Sikusomea miamba wala nyuklia. Ninachokijua ni mizani, gunia na mnada, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Unaufahamu utaratibu wetu. Ufuta ukishapepetwa haturuhusiwi kumuuzia yule anayekuja na pikipiki jioni akiwa na fedha taslimu. Tunaupeleka chama cha msingi, unapimwa, unaingia ghala kuu, tunabaki na stakabadhi. Wanunuzi wanaweka bei zao, zinasomwa mbele ya wakulima, nasi tunakubali au tunakataa. Kuna msimu tulikataa, na mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mnada uliofuata bei ikapanda. Kuna msimu mwingine malipo yalichelewa mpaka tukachukua mbolea kwa mkopo, na siku hiyo niliutukana mfumo wa stakabadhi ghalani kwa sauti iliyofika barabarani. Lakini hata nilipokuwa natukana nilijua kilo iliuzwa shilingi ngapi, nani kanunua, na nimekatwa nini. Anayeuza pembeni tunasema kauza kangomba. Akikamatwa, mzigo wake unataifishwa.

Ombi langu ni kwamba utaratibu mnaomlazimisha mama yangu kwa gunia la ufuta muulazimishe pia kwa pipa la urani, madini yanayowasha vinu vya umeme wa nyuklia.

Naandika sasa kwa sababu safari hii mradi wa Mto Mkuju, mgodi wa urani hapa wilayani kwetu, unaonekana kweli unaanza. Tumeshawahi kuambiwa hivyo. Mwaka 2011 shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom, kupitia kampuni yake ya ARMZ, liliinunua kampuni ya Australia iliyokuwa na leseni ya utafiti. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ikakubali Pori la Akiba la Selous limegwe karibu kilomita za mraba 200 ili mgodi upate nafasi. Mwaka 2013 leseni kubwa ya uchimbaji ikatolewa. Watu wakajenga gesti. Kisha kimya. Gesti moja ninayoifahamu iligeuka banda la kukaushia tumbaku, na mwenyewe hapendi kuulizwa.

Hakuna aliyetuloga. Machi 2011 tetemeko na mawimbi yalivunja vinu vya Fukushima, Japani ikazima vinu vyake vyote, Ujerumani ikaamua kuachana na nyuklia, na urani ikakosa mnunuzi. Wakulima wa kusini tunaujua ugonjwa huo. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, zetu zilikauka shambani kwa sababu nauli ya kuzifikisha mjini ilikuwa kubwa kuliko bei yake. Uamuzi umetolewa Delhi, msiba uko Namtumbo.

Sasa upepo umegeuka. Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, nchi zaidi ya 20 zilitangaza nia ya kuongeza umeme wa nyuklia mara tatu ifikapo 2050. Mwaka uliofuata Microsoft ilifunga mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kinu kilichokuwa kimezimwa pale Three Mile Island, Marekani, kwa ajili ya kompyuta zake za akili mnemba. China inajenga vinu mfululizo. Na Julai 2025 Rais alikuja hapa kwetu kuzindua kiwanda cha majaribio. Mwenye mradi amesema kiwanda kikubwa kitaweza kutoa hadi tani 3,000 za urani kwa mwaka, kuanzia 2029.

Niruhusu nikupigie hesabu kwa pipa, maana tani 3,000 hazinikai kichwani. Urani haitoki mgodini kama mawe. Husagwa, huchujwa kwa kemikali, ikaushwe, iwe unga wa oksaidi ambao wazungumzaji wa Kiingereza wameufananisha na keki ya njano. Unga huo hufungwa kwenye mapipa ya chuma ya lita 200, na pipa moja hubeba takriban kilo 400. Duniani huuzwa kwa ratili, ambayo haifiki nusu kilo, kwa hiyo pipa lina ratili kama 880. Katikati ya mwaka 2007 ratili moja ilifika dola 136: pipa ni dola 120,000. Mwishoni mwa 2016 ikashuka hadi dola 18 hivi, na pipa lile lile halikufika dola 16,000. Januari 2024 ikavuka dola 100, pipa likarudi juu ya dola 88,000. Unga ni ule ule. Tani 3,000 ni za urani tupu; ikishakuwa unga wa oksaidi uzito unaongezeka, kwa hiyo ni mapipa karibu 8,800 kwa mwaka.

Kwa nini bei inaruka hivi? Kahawa na shaba zina masoko ya wazi ambako kila mtu anaona bei ya leo. Urani nyingi huuzwa kwa mikataba ya faragha ya miaka mitano, kumi na zaidi, kati ya mgodi na shirika la umeme. Bei tunayoisikia kwenye habari ni ya sehemu ndogo inayouzwa papo kwa papo, nayo hukadiriwa na kampuni chache za ushauri kwa kuwauliza wauzaji na wanunuzi. Halafu mwenye kinu hashtuki sana bei ya urani ikipanda, kwa sababu gharama yake kubwa ni kujenga kinu chenyewe. Urani ghafi ni sehemu ndogo ya bei ya umeme wake. Anachoogopa ni kukosa. Akiogopa, hulipa chochote, na akishajaza ghala hapokei hata simu.

Hapo ndipo linapokuja jambo lililonikosesha usingizi. Rosatom, mwenye mradi wetu, ni mchimbaji, mrutubishaji (anayeiongezea urani nguvu ya kuwashia vinu), mtengenezaji wa mafuta ya vinu, na ndiye anayejenga vinu Akkuyu kule Uturuki, El Dabaa Misri na Rooppur Bangladesh. Ina maana pipa likitoka Mkuju linaweza kuuzwa na kampuni mtoto kwa kampuni mzazi wake. Sisemi kwamba anaiba, sina ushahidi huo na wala situhumu mtu. Nasema kwamba baba akinunua ufuta wa mwanawe sebuleni, hakuna jirani atakayejua bei. Mrabaha wetu, yaani fungu la Serikali kwa madini yanayouzwa, ni asilimia ya bei hiyo. Kodi ya mapato ni sehemu ya faida inayotokana na bei hiyo. Zile hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16, ambazo sheria ya 2017 ilitupa bila kutoa senti, zinaleta gawio likipatikana, yaani baada ya mikopo ya ujenzi kulipwa, nayo mikopo mara nyingi inatoka sebule ile ile. Kila kitu kimesimama juu ya namba moja ambayo mama yangu hataisomewa.

Malawi wapo ng'ambo ya Songwe tu. Mgodi wa Kayelekera, wilaya ya Karonga, ulifunguliwa 2009 na kampuni ya Paladin, Serikali ya Malawi ikiwa na hisa 15 kwa mia. Ili mwekezaji aje, walimpunguzia mrabaha na kodi. Mwaka 2013 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya chakula alitaja makadirio kwamba misamaha ile ingeweza kuigharimu nchi hadi dola milioni 281 katika miaka 13. Miaka 13 yenyewe haikufika, maana 2014 bei ilikuwa chini na mgodi ukafungwa. Umefufuliwa 2025 chini ya mwenye mwingine. Malawi haikuwa na pipa hata moja la kwake la kusubiria bei nzuri.

Basi nafikiri hivi, na wachumi wako wanikosoe. Badala ya kupokea mrabaha wote kwa fedha, Serikali ichukue sehemu kwa mapipa. Tukisema asilimia 5 ya uzalishaji, hayo ni mapipa 440 kwa mwaka, karibu tani 150 za urani. Kinu kimoja kikubwa cha megawati 1,000 hutumia takriban tani 200 kwa mwaka. Ni mzigo mdogo kwa dunia, lakini unatosha kumfanya mnunuzi wa Korea au Ufaransa atupigie simu sisi. Na tukishauza mapipa 440 kwa zabuni ya wazi, tumepata kitu kikubwa kuliko fedha yake: tumeijua bei. Yale 8,360 yaliyobaki yakiuzwa sebuleni kwa bei ya chini zaidi, Mamlaka ya Mapato itakuwa na swali la kuuliza na jibu la kulinganishia.

Nimeshasikia mtu akicheka kwamba urani si ufuta, huwezi kuilundika ghala la Namtumbo. Ni kweli, na wala haihitajiki. Unga wa urani wa migodi mbalimbali hupelekwa kwenye viwanda vya kuubadili kuwa gesi, kama kile cha Cameco kule Port Hope, Kanada, au vya Orano huko Malvési na Tricastin, Ufaransa. Kila mwenye mali ana akaunti yake pale. Mzigo ukiuzwa, pipa halisogei, jina ndilo linalohama kwenye daftari. Kuna kampuni kwenye soko la hisa la London, inaitwa Yellow Cake, imeanza 2018, kazi yake ni kununua urani na kuiacha kwenye akaunti hizo isubiri bei. Watu wananunua hisa zake. Mheshimiwa, hiyo ni stakabadhi ghalani! Wazungu wamevaa tai, ndiyo tofauti. Wanunuzi nao hawatakuwa watu wa pikipiki. Ni mashirika ya umeme yenye leseni, chini ya macho ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Tume yetu ya Nguvu za Atomiki, na hata leo mengi hununua kwa kuitisha zabuni zilizofungwa.

Nchi yetu si mgeni wa wazo hili. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kuuzwa hapa nchini, na Benki Kuu inanunua. Niger, kwa miaka mingi, kampuni yao ya taifa ilikuwa ikichukua fungu lake la urani ya Arlit na kulitafutia mnunuzi yenyewe. Sisi tukikaa kimya sasa, kabla kiwanda kikubwa hakijasimama, baadaye tutaambiwa mkataba umeshafungwa.

Ghala halitibu bei mbaya, hilo nalikubali. Mbaazi za 2017 zingekaa ghalani hadi zitobolewe na wadudu. Kinu kimoja kikilipuka kesho popote duniani, mapipa yetu yatashuka thamani usiku mmoja, na waziri wa fedha atakuja kukuuliza nani alikushauri. Mwambie ni mkulima wa Namtumbo. Ila urani haitobolewi na wadudu. Inaweza kusubiri miaka 10, na kati ya 2016 na 2024 aliyesubiri alipata zaidi ya mara tano.

Kitu kimoja zaidi, nacho kinahusu makato. Kwenye ufuta tunakatwa kabla hatujashika fedha: ushuru wa halmashauri, chama, magunia, usafirishaji. Hakuna anayeahidi kwamba atalipa ushuru akishastaafu. Lakini fedha za kufunga mgodi na kulinda mabaki yake mara nyingi huwa ahadi kwenye karatasi. Kule Akouta, Niger, mgodi ulifungwa Machi 2021 baada ya zaidi ya miaka 40, ukaacha tani kama milioni 20 za mabaki yenye mionzi karibu na mji wa Arlit. Wao wako jangwani. Sisi maji yetu yanateremka kwenda bonde la Rufiji, kwenye Hifadhi ya Nyerere, kwenye bwawa la umeme ambalo taifa zima limelilipia, hadi mikoko ya Delta. Kwa hiyo kila pipa likipita mizani likatwe fungu la kufungia mgodi, liingie kwenye akaunti ambayo mwenye mradi haishiki peke yake, kuanzia pipa la kwanza. Halmashauri yetu isomewe salio kila robo mwaka kama tunavyosomewa bei ya mnada.

Na kanuni ya bei, Mheshimiwa. Hata kama jina la mnunuzi ni siri ya biashara, tangazeni kanuni: je, bei ina sakafu na dari? Inafuata soko la papo kwa papo au imefungwa na kupandishwa na mfumuko wa bei? Nani ana haki ya kukagua hesabu za mtoto na za mzazi? Haya yatoshee ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yabandikwe pale Likuyu Sekamaganga kwenye ubao uleule wa matangazo ya pembejeo. Tutasoma.

Nilimsomea mama barua hii jana kabla sijaituma. Aliuliza mnada wa mapipa utafanyika siku gani, na kama bei ikiwa mbaya mkono ananyoosha nani.

Wako,
Mkulima wa Namtumbo, Ruvuma