Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa anga: mlima haujui Jumanne

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kisongo, Arusha, pembeni ya njia ya kurukia. Mimi na mwenzangu rubani tumekodi Cessna 172, ndege ya viti 4, tuanze biashara ya kupiga picha kutoka angani. Kila mtu anatuuliza kwa nini tusinunue droni tu. Droni inafaa harusini, au kwenye kiwanja kimoja. Anayetaka bonde zima la mto lililofurika, betri itamwishia njiani.

Bawa la Cessna hii liko juu, halikuzibii kilicho chini. Fundi akifungua skrubu moja ya mkono wa dirisha, kioo kinainuka chote na upepo wenyewe unakishikilia chini ya bawa. Hapo mpiga picha huegemezi kiwiko mlangoni, mtetemo utakuharibia picha. Viwiko unavibana mbavuni. Kamera ina mkanda shingoni na mwingine kiunoni. Ikimdondokea mtu huko chini, biashara imeishia hapo.

Kazi hii si ngeni nchini. Mswisi Walter Mittelholzer alipita juu ya Kilimanjaro mwaka 1930 na kamera yake. Mjerumani Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama, na mwanawe Michael walihesabu wanyama Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia. Januari 1959 iligongana na tumbusi, Michael akafa. Kwa hiyo sheria za usalama sizibezi. Leseni ya rubani wa biashara, futi 1,000 juu ya mji, hayo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni tarehe. Kibali kilichopita cha kupiga picha kutoka angani, na ofisi siitaji, kilikuwa cha siku moja, Jumanne. Jumanne Kilimanjaro ikajifunika tangu alfajiri. Jumatano saa 12 na nusu asubuhi kilele cha Kibo kikatoka cheupe, barafu iliyobaki unaweza kuihesabu vipande. Sisi tuko chini, mafuta yamejazwa, kibali kimekufa jana. Tukaanza upya: barua, muhuri, njoo kesho. Mteja akachoka, akadai malipo yake ya awali. Nikamrudishia. Pesa ya kukodi ndege mimi sikurudishiwa.

Naomba kibali kitaje eneo na kazi, kidumu siku 30, siku ya kuruka tuichague sisi kwa kuangalia hali ya hewa. Waongoza ndege watajua. Mpango wa safari tunawapelekea. Wanaohofia picha za kambi za jeshi wazungushie maeneo hayo kalamu nyekundu kwenye ramani, nitasaini kuwa sitayagusa. Wakitaka kukagua picha kabla sijampa mteja, nitazileta mwenyewe.

Wakati namalizia hapa, ndugu yangu wa Moshi kanitumia ujumbe: mlima uko wazi. Leo ni Jumatano tena. Kibali kipya kinasema Ijumaa.

Wako mtiifu,
Mpiga picha, Arusha