Sosi ya nyanya ya Kihispania haipikwi dakika 10

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na wenzako wote hapo gazetini. Mi ni msomaji wa ule ukurasa wenu wa mapishi, nausoma kabla hata sijaangalia matokeo ya mpira, kwaiyo mnivumilie kidogo leo maana ile sosi ya nyanya ya Kihispania mliyotoa juzi imenikera kweli. Mmeandika tomato ya kopo, maji kikombe kimoja, kitunguu, sukari vijiko viwili, chemsha dakika 10, tayari. Jamani! Hiyo ni supu nyekundu. Alafu mkamalizia eti jina lake la kitaalam ni espagnole, hapo ndo nikaliweka gazeti chini, maana espagnole ni sosi ya Wafaransa, ya kahawia, inatokana na supu ya mifupa na unga uliokaangwa kwenye siagi, nyanya inaingia kidogo tu. Wahispania wameachiwa jina tu hapo.

Sasa mi nimejulia wapi haya. Niliwahi kupanga chumba kwa bibi mmoja Valencia, kulekule Hispania, wajukuu zake wanamwita yaya, siku za mwanzo nikajua ni dada wa kazi kumbe ndo mwenye nyumba, kule yaya maana yake bibi (Mkenya angesema nimefundishwa nyanya na nyanya). Na sio kwamba sosi hii haipo madukani, ipo tele, inaitwa tomate frito, inauzwa kwenye maboksi kama ya maziwa na watu wengi wananunua tu yaishe, ila nyumba ile hilo boksi halikuwahi kuvuka mlango.

Na hilo jina ndo jibu lenyewe. Frito ni ya kukaanga. Nyanya inakaangwa, haichemshwi, sasa ukishamwaga kikombe cha maji hapo unakaanga nini?

Yeye alikuwa anafanya hivi. Kilo moja ya nyanya zilizoiva mpaka zinabonyea, unazikata katikati, ule upande uliokatwa unaukwangua kwenye kikwangulio cha karoti, yale matundu makubwa, nyama yote inashuka kwenye bakuli na ganda linabaki kiganjani limelala kama kijikaratasi, unatupa, basi, hakuna kumenya wala blenda. Blenda inaingiza hewa, nyanya inageuka pinki, na huyo bibi nikimtajia blenda alikuwa ananiangalia tu. Kwenye kikaango kipana unaweka mafuta ya zeituni robo kikombe hivi, najua mtu ataona mengi lakini usiyapunguze, ndo yanayokaanga. Kitunguu maji kikubwa kimoja, kimekatwa vidogo vidogo sana, na chumvi kidogo ili kilegee, moto mdogo kabisa, dakika 20 mpaka 30, kiwe laini na rangi ya asali, kikianza kuwa cha kahawia ujue moto wako mkubwa. Kitunguu saumu punje mbili mwishoni, dakika moja tu. Ndo nyanya zinaingia.

Hapo sasa ndo watu wanakosa subira. Hufuniki, unaacha moto mdogo dakika 40, saa nyingine 50, inategemea nyanya zako zina maji kiasi gani. Mwanzoni inabwatabwata na kurusha matone mpaka ukutani, sauti nzito ya kitu kinachochemka, alafu maji yakishaisha sauti inabadilika inakuwa nyembamba, chiii, ya kukaanga, na yule bibi alikuwa anaisikia akiwa sebuleni kwenye tamthilia yake anapiga kelele nikageuze. Ukipitisha mwiko chini ya kikaango ile njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga, na pembeni unaona mafuta mekundu yamejitenga. Hapo imeiva. Ile kilo nzima imebaki kama vikombe viwili, na utamu wote umejikusanya humo, kwaiyo onja kwanza ndo uamue sukari, mara nyingi nusu kijiko cha chai inatosha na mara nyingine haihitajiki kabisa, vijiko viwili hivyo mlivyoandika ni jamu.

Kuna wanaopenda kuweka paprika ya moshi, yaani unga wa pilipili nyekundu, ile ya La Vera kule Extremadura ambayo pilipili zake zinakaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni. Tamu sana ila mi ilishanitoa machozi, niliimwaga kwenye mafuta ya moto nikageuka kuchukua bakuli la nyanya, kurudi imeshaungua, nikajidai sijaona nikaendelea, sosi nzima ikawa chungu nikaimwaga. Toa kikaango motoni kwanza, weka paprika, koroga mara mbili, nyanya juu yake hapohapo.

Na kama mlitaka kweli ya haraka, ipo ya zamani na ina jina hilohilo. Mtaliano mmoja Antonio Latini, aliyekuwa anasimamia meza ya mkubwa mmoja Napoli enzi hizo Napoli ikitawaliwa na Hispania, alitoa kitabu cha mapishi cha juzuu mbili, 1692 na 1694, na humo kuna sosi ya nyanya aliyoiita ya Kihispania. Unababua nyanya juu ya makaa, unazimenya, unazikatakata kwa kisu, unachanganya na kitunguu na pilipili kali vilivyokatwa vidogo, majani ya thaimu, chumvi, mafuta na siki. Kwenye sufuria haifiki, inafanana na kachumbari kuliko sosi, na inaliwa na nyama ya kuchemsha. Hata hiyo haina tone la maji.

Kwaiyo naomba wiki ijayo mtoe masahihisho, hata kwa maandishi madogo pale chini. Mfute kile kikombe cha maji, hizo dakika 10 ziwe saa moja na ushee, na jina la Wafaransa mliondoe. Mkiongeza na picha ya wali mweupe na yai la kukaanga juu ya hiyo sosi, kama wanavyokula wao, mtakuwa mmenilipa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpangaji wa zamani wa Valencia